Ngurumo wa Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Habari kubwa! Mpwa wangu, yule anayepiga video za harusi, ameingia kibandani nikiwa natia uzi kwenye cherehani, akasema anataka kuitengeneza upya filamu ya Ngurumo. Nikasimama. Nikaingiza tumbo ndani. Nikamwambia niko tayari hata leo.

Akatazama dari.

Lazima niandike hapa, ili vizazi vijue, kwamba Ngurumo ni mimi. Nilipokuwa kijana, marehemu shemeji yangu, baba yake huyu mpwa, alitengeneza filamu ya shujaa anayeinua mkono na kuita radi. Shujaa nilikuwa mimi. Joho lilikuwa pazia la sebuleni. Tangu siku ile sina jina jingine. Wateja huniita Ngurumo. Mke wangu huniita Ngurumo, akitaka kitu. Juu ya mlango wangu imeandikwa: Ngurumo, Fundi wa Nguo.

Na sasa mpwa ananiambia, kwa heshima zote Mjomba, Ngurumo mpya ataruka mapaa, na wewe ukipanda ngazi za kwetu unapumzika katikati. Nafasi hiyo amempa kinyozi wa jirani. Kinyozi! Mtu ambaye elimu yake yote ni kioo! Kwa hiyo filamu ikitoka, Ngurumo atakuwa yeye. Mimi nitabaki nani?

Mimi nimepewa mzee anayeokolewa kwenye ghala linaloungua. Hasemi neno. Tena nimeombwa kumshonea kinyozi vazi. Nimekataa.

Wakati wa chakula nilimwuliza mke wangu kama kitu kilichorudiwa kinaweza kukishinda cha kwanza. Nikamkumbusha kwamba chai iliyopashwa moto si chai. Akasema inategemea. Huenda ile ya kwanza haikutiwa sukari.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimewaachia umma hukumu. Nimeionyesha filamu ya kwanza mchana kweupe, kwenye televisheni ya kibandani. Watu walijaa hadi mlangoni.

Ushindi! Nikiri kwamba pale ninaporuka angani nimelala juu ya meza, na meza inasukumwa. Miguu ya meza inaonekana kidogo. Yote minne. Nikiri pia kwamba katikati ya hotuba yangu juu ya haki anasikika mama mmoja akiuliza nani kachukua ndoo yake. Huo ndio uhalisia! Watazamaji wametokwa na machozi. Mmoja alishindwa kupumua, akatolewa nje akiwa ameshikwa mabega. Filamu gani ya siku hizi ina nguvu hiyo?

Kinyozi alinipa shikamoo kwa adabu, kisha akauliza kama meza ile bado ipo, maana angependa kupiga picha nayo. Nikazima televisheni. Ipo. Ndiyo niliyokuwa nimeiegemea.

Jioni mpwa alipita kunishukuru. Anasema sasa ameona wazi kwa nini filamu ile lazima irudiwe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekubali kushona vazi! Mpwa amenikumbatia. Masikini, hajui.

Kitambaa chake ni kile cha kuvutika. Huvutika upande mmoja tu, na fundi yeyote hukikata ili kivutike kwa upana, mtu aweze kujikunja. Mimi nimekigeuza. Kitavutika kutoka juu kwenda chini. Makwapani nimebana. Akilivaa, kinyozi hatainua mkono kupita kifua. Na Ngurumo asiyeinua mkono ataiitaje radi? Kwa kukohoa?

Mke wangu aliona vipande mezani, akaniuliza kama ninaumwa, maana hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakosei hivyo. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjulisha kwamba mimi sichimbi, ninashona.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kupiga picha za ghala. Nililala sakafuni mapema, majani mabichi yakafuka ndani ya pipa, kinyozi akaingia. Mkakamavu kama ubao wa kupigia pasi! Mikono imeganda ubavuni. Kutaka kugeuza shingo, akageuka mwili mzima. Nilifumba macho nisicheke, nikangoja mpwa alipuke.

Badala yake nikamsikia akinong'ona kwamba hajawahi kuona uzuri wa namna hii. Eti shujaa wa zamani alirusharusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Huyu ana uzito. Huyu amebeba huzuni ya mji mzima! Radi ataiita kwa macho.

Niliinuka, nikasema kosa ni la vazi, nipewe nilifumue mara moja. Mpwa akaniambia, Mjomba, usiguse hata uzi.

Likabaki tatizo moja: kinyozi hawezi kuinama kuniokota. Nikafurahi mapema. Mpwa akafikiri, akabadilisha kisa. Shujaa atanitazama tu, nami nitapata ujasiri wa kusimama na kutoka mwenyewe.

Nikaapa moyoni kwamba sitasimama. Nitalala pale hadi filamu yao ioze. Kinyozi akanitazama. Nikalala. Akaendelea kunitazama, akininong'oneza bila kutikisa midomo kwamba, Mzee wangu, inuka basi, makwapa yanawaka. Nikalala. Ndipo upepo ulipougeuza moshi.

Nilitoka mbio. Nililia, nilikohoa, nilimwita marehemu mama yangu. Nilipopata pumzi nilimkuta mpwa anafuta machozi. Anasema sijawahi kuigiza vizuri hivyo maishani mwangu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Filamu imeonyeshwa ukumbini. Hakuna aliyecheka pasipostahili. Kinyozi alipokaza macho na radi ikapiga, watu walishikana mikono. Nilipotoka ghalani nikimlilia mama, ukumbi mzima ulisimama. Hata mimi nilisimama, kisha nikakumbuka kuwa ninapinga.

Nje, wote walimzunguka kinyozi. Ngurumo! Ngurumo! Niligeuka mara mbili. Si mimi.

Nyumbani nilimwomba mke wangu ukweli, bila huruma. Akasema, ile ya kwanza niliitazama kwa sababu yako. Hii niliitazama nikasahau kwamba ni wewe, nikaogopa kwamba mzee yule atafia ndani.

Nikaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kinyozi amekuja mapema, mikono ikiwa mbali na mwili kama kuku anayekausha mabawa. Amechubuka makwapa yote mawili. Hakulalamika. Amesema jina ni langu, yeye ameliazima tu, na leo amewakataza wateja wake wasimwite hivyo. Mtu mwenye heshima. Sikumtegemea.

Ningelipokea, lakini njiani kwenda kununua vifungo nimesikia jambo. Muuza magazeti ameniamkia Mzee Moshi. Mwenye duka naye. Wanawake kisimani wameniomba nikohoe kidogo, nao wamenipigia makofi! Nimerudi na kumwambia kinyozi abaki na Ngurumo. Jina la vijana hilo. Kelele nyingi.

Sasa naiona filamu hii ilivyo. Hii ndiyo ya kwanza hasa. Ile ya pazia ilikuwa mazoezi. Na kama nilivyosema siku zote, ya kwanza haipitwi.

Mchana mpwa amekuja na furaha. Anatengeneza sehemu ya pili, na Mzee Moshi atakuwemo tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeingiza tumbo ndani. Akatazama dari. Amesema, Mjomba, safari hii Moshi anakohoa sana, na seremala wa mtaa wa nyuma amevuta vumbi la mbao miaka yote. Kikohozi chake ni cha asili.

Seremala! Mtu asiyejua hata kulala sakafuni!

Nimetabasamu. Nimemwuliza mpwa kama mzee huyo atahitaji koti. Amesema atahitaji, lenye mifuko mikubwa. Nimemwambia asihangaike kutafuta fundi. Nitamshonea mimi, tena bure.