Kuhusu Ute wa Bamia Mlioufukuza Nyumbani Kwangu

Kwako Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni, kama kweli una jiko,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi nzito ya kuketi kitini mchana kutwa ukifundisha watu kupika.

Mimi ni mama wa watoto watano na bibi wa wajukuu ambao nikianza kuwahesabu nitaunguza chungu. Shule sikwenda. Wenzangu walipoandikishwa mimi nilikuwa shambani nafukuza ndege. Kwa hiyo barua hii nasema mimi, na anayeandika ni mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Ni karani wa posta na mwandiko wake ni mzuri. Nakuarifu mapema kwamba yeye ndiye mshtakiwa wa pili. Wa kwanza ni wewe. Nimemwapisha asibadilishe neno, na akimaliza atanisomea mara mbili, maana kusoma sijui lakini nilichosema nakikumbuka.

Juma la tatu hili tangu gazeti lako lilete ukurasa wenye kichwa "Njia Saba za Kupika Bamia Nyumbani Bila Ute". Mkwe wangu aliusoma kwa sauti huku mimi nakatakata bamia kwenye sinia. Alipofika "bila ute" kisu kilisimama chenyewe. Nikamuuliza, bila nini? Akarudia. Mheshimiwa, bamia bila ute! Wiki ijayo nasubiri mtufundishe kuchota maji yasiyolowesha.

Sasa sikiliza malalamiko yangu.

1. Mmesema bamia zioshwe, kisha zipanguswe moja moja kwa kitambaa kikavu kabla ya kukatwa. Moja moja. Mkwe wangu alipangusa bamia sitini na mbili, nimekaa nazihesabu. Nimezaa watoto watano na sikumbuki kama yupo niliyempangusa kwa uangalifu ule. Siku hizi bamia nyumbani kwangu zina taulo lao, lina maua ya zambarau. Juzi nilifutia mikono nikaambiwa, kwa adabu zote, "Mama, hilo ni la bamia."

2. Njia ya pili mmesema zilowekwe kwenye siki nusu saa. Siki kwangu ni ya kusugulia birika. Nyumba ilinuka kama chumba cha giza cha mpiga picha wa zamani, na jirani yetu fundi viatu akachungulia dirishani kuuliza kama tumeanza kutengeneza ngozi. Nilimjibu ndiyo. Ningemwambiaje ni chakula?

3. Usifunike sufuria. Usikoroge sana. Usitie chumvi mpaka mwisho. Hivi haya ni mapishi au ni masharti ya wodi? Mfuniko wangu nilioolewa nao umetundikwa ukutani, hauna kazi. Nikiupita naona haya, kama ni mimi niliyeufukuza.

4. Ya nne mmesema ziokwe nzima nzima kwenye oveni. Ya tano mmezitosa kwenye ndimu mpaka zikakunja uso. Ya sita zipakwe unga na viungo, zikaangwe mpaka zilie zikiguswa. Hii ya sita harufu yake si mbaya, nasema ukweli, lakini hata manukato yananukia na hatuyali. Ya saba mmesema zikatwe mbichi, zitiwe kwenye saladi. Mbuzi wangu anazila hivyo hivyo tangu azaliwe na hakuna aliyempa ukurasa.

5. Hapa naomba uache kalamu yako chini unisikilize, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. Mume wangu alikuwa fundi saa. Miaka yote ya ufundi wake alifanya kazi akiwa amebana vijiskrubu kwenye midomo, ndiyo maana si mtu wa maneno. Mwanzo wa mvua kifua kilimlaza hospitali. Aliporudi, koti lake lilikuwa kama limetundikwa kwenye hanga, yeye hamo. Daktari akasema, "Mama, ale chochote atakachokikubali, mradi ale." Nikaona huyu daktari ni mtoto wa watu, ananipa kazi ninayoiweza. Nikapika bamia za ute, mchana na jioni, kila siku ya Mungu, nikakaa mbele yake mpaka anameza. Ana meno saba. Ute ndio uliokuwa ukilifungulia tonge njia, kama askari wa barabarani anavyofungulia msafara wa mkubwa.

Lakini mzee wangu anazidi kwisha. Mkanda wake ulifungwa tundu la tatu, sasa nimetoboa mengine mawili kwa msumari wa moto. Na kisa ni ukurasa wenu.

Hapa mkwe wangu ameacha kuandika. Ananikumbusha kwamba matundu hayo niliyatoboa kabla ukurasa haujafika. Nimemwambia aliandike hilo, mimi si mwongo. Lakini aandike na hili: mwili wa mzee wangu una akili, ulihisi ukurasa wenu unakuja ukaanza kujiogopea mapema.

6. Kwa ajili yenu nyumba sasa ina sufuria mbili. Moja yangu, moja ya mkwe wangu. Mwanangu, kwa uoga aliourithi sijui wapi, anakula zote mbili na anasifia aliyekaa karibu. Mzee nimemkinga. Zile kavu za mkwe wangu nimepiga marufuku zisisogezwe mbele yake, asije akavunja jino la nane ambalo hana. Anakula matonge matatu ya kwangu, anasema "Nimeshiba, mama watoto, ubarikiwe," kisha anakodolea macho sufuria ya pili kama mtu anayetazama jirani mkorofi. Unaona mlivyomtia hofu?

Sasa nataka nini? Sitaki mengi. Kwanza, mchape msamaha, ukurasa ule ule, herufi nene zile zile. Pili, upigwe muhuri, maana huyu wa kwangu ni mtu wa posta, kitu kisicho na muhuri kwake ni uvumi. Tatu, aliyeandika zile njia saba aletwe hapa nimlishe bamia zangu mpaka atubu. Kitanda kipo. Asipotubu wiki ya kwanza nitamwongeza ya pili. Nne, kama naye atakuwa mbishi, basi serikali iunde tume, wazunguke nyumba kwa nyumba wakiinua mifuniko, na kila chungu kitakachokutwa bamia zake hazivutiki kiandikwe jina la mwenyewe. Wajumbe wa tume wasiwe na meno zaidi ya kumi, ili wajue wanachokitetea.

Ukurasa wenyewe nimeuchana na kuutandika kwenye viota vya kuku. Wanalala juu ya elimu yenu.

Usije ukadhani mkwe wangu ni mtu mbaya, nitakuja huko nikukemee. Mzee alipolazwa, ni huyu aliyekuwa akitoka posta na sare yake, anapitia hospitali kumkata kucha na kumsomea matangazo ya vifo, ambayo mzee anayapenda sana. Na hii barua inayomshtaki ataipeleka posta kwa mkono wake na kuigonga muhuri yeye mwenyewe. Watu wa namna hiyo hawapotezi ute bure. Wanapotoshwa. Ndiyo maana nikakuandikia wewe.

Nisalimie aliyekulea mpaka ukapata nguvu za kuandika vile. Wasalimie wapiga chapa, wafagiaji, na yule anayewachemshia chai hapo ofisini. Mwambieni hiyo chai asiikaushe.

Ni mimi, kwa uchungu wote na kwa heshima iliyosalia,
Bibi wa Jiko la Uani

Alama ya dole gumba ndiyo hiyo hapo. Ina mafuta kidogo.

Nyongeza: Mkwe wangu alikuwa ananisomea mara ya pili, tumefika pale penye tume, tukasikia jikoni kwaru, kwaru. Tukaenda. Mzee wangu amesimama kwenye sufuria ya pili, bila fimbo, anatafuna zile za njia ya sita kwa meno yake saba kama mtu anayepasua kuni. Nikamwambia, baba watoto, utakufa! Akasema amesikia barua nzima, na hawezi kuniacha nipeleke uongo gazetini. Ute haupendi. Hajawahi kuupenda. Miaka arobaini na minne ya ndoa! Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema siku ile ya kwanza nilipompikia bamia nilisimama mlangoni namtazama mdomo, akameza, nikacheka kwa furaha, na baada ya hapo hakujua aanzie wapi.

Nimelia kidogo. Nimemtukana kidogo. Kisha nimempakulia, na amemaliza sahani mbili mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo barua hii usiichape. Ningeichana, lakini mkwe wangu amekwisha bandika stempu kwenye bahasha, na anasema stempu iliyobandikwa haibanduliwi, ndio utaratibu wa kazi yao.

Ila naomba unitumie tena ule ukurasa, hasa njia ya sita. Pale panapotaja kiasi cha unga ameatamia kuku mwekundu, na kila nikipeleka mkono ananidonoa. Mkwe wangu anaandika huku anacheka, anasema kipimo anakikumbuka vizuri, nimuulize tu. Simuulizi. Bado ni mshtakiwa.