Askari Sitini Wasio na Macho

Jumatatu, 1 Oktoba 1934. Kilwa Kivinje.

Leo sikula mchana. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, alituita bomani, mimi na Sipriani, makarani wake wawili, akasema mmoja wetu atahamia Kiranjeranje. Jumbe wa huko anataka karani wa kuandika mashamba ya mihogo na kusimamia msako wa simba. Simba! Amekwisha kula watu watatu tangu Agosti. Wa tatu alikuwa karani. Hilo la mwisho Bwana Shauri alilitaja kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Ataamua nani aende baada ya tarehe 15.

Nikamtazama Sipriani. Mmakonde wa misheni, kifua kama mlango, hatetemeki hata akiitwa na Bwana Shauri. Aende yeye. Mimi nina mke. Nina pumu pia, ingawa imeanza leo.

Jumatano, 3 Oktoba.

Mungu si Athumani! Meli imeleta sanduku la Bwana Shauri kutoka Ulaya. Ndani mna askari sitini wa madini ya risasi, urefu wa kidole gumba, wa kijivu, hawajapakwa rangi. Kumbe Mzungu mzima hucheza vita mezani! Humwaga mchanga, akapanga vilima na mito, akarusha dadu kujua nani amekufa. Tarehe 15 atakuja Meja mmoja kutoka Lindi, wapigane upya vita vya Mahiwa vya mwaka wa kumi na saba, Mwingereza na Mjerumani. Bwana Shauri anataka kofia, mikanda na mikoba, vyote viwe kama vilivyokuwa. Lakini vitabu vyake vina picha za Wazungu tu. Akauliza kama bomani kuna mtu aliyeiona Mahiwa kwa macho yake.

Nikajiona nimesimama. Nikasema mimi, Tawakali, nilikuwepo. Askari, mstari wa mbele. Na kupaka rangi najua.

Nani atampeleka fundi wake porini akaliwe? Ukweli ninauandika hapa tu: miaka yote ya vita nilikuwa Mchinga, darini kwa shangazi, juu ya nazi, nikiogopa kukamatwa upagazi. Niliposhuka vita vilikuwa vimekwisha tangu miezi miwili. Shangazi alisahau kuniambia.

Ijumaa, 5 Oktoba.

Nimefanya upelelezi. Aliyekuwa Mahiwa kweli ni Sipriani; alibeba sanduku la risasi kichwani akiwa na miaka kumi na saba. Baada ya sala ya Ijumaa nikamnunulia kahawa, nikamzungusha kwa maneno. Nikauliza, kwa mazungumzo tu, kofia za askari zilikuwa rangi gani. Kahawia, akasema. Suruali? Kahawia. Na viatu? Akasema wengi hawakuwa navyo, na waliokuwa navyo vilikuwa rangi ya matope.

Kisha akauliza mbona ninauliza, nami nilikuwa mstari wa mbele. Kahawa ikanipalia. Nikasema moshi ulikuwa mwingi. Akatabasamu. Anajua! Akifungua kinywa mbele ya Bwana Shauri, mimi ni kitoweo.

Jumatatu, 8 Oktoba.

Kazi imeanza. Inataka subira. Unamgandisha askari kwa nta juu ya kifuu, unampaka nyeupe, unangoja ikauke. Ndipo kahawia. Ndipo mkanda, kwa brashi ya nywele tatu, pumzi umeibana. Nimemaliza ishirini. Wamependeza mpaka nikasimama wima mbele yao.

Akaingia mke wangu Mwahija. Akashika kichwa. Akauliza kama nimesahau tulichofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani: atengenezaye sanamu ya chenye roho, siku ya Kiyama ataamriwa aipulizie roho. Sitini! Na pumu yangu hii!

Nikaloa jasho. Duniani simba, Akhera ndiyo hiyo. Nikakaa chini nikatafakari mpaka nikaipata hila: sitawatia macho. Kisicho na macho hakijawa kiumbe, ni kigingi kilichovaa kofia. Mwahija akaniambia nikamwulize mwalimu kwanza. Sitamwuliza. Mwalimu atajibu.

Alhamisi, 11 Oktoba.

Balaa. Wote sitini wako tayari, nimewaanika juu ya ungo dirishani. Jirani yetu Mastura akachungulia, amekuja kuomba chumvi. Akaona watu wadogo sitini, wamelala safu safu, hawana macho. Bakuli lake bado liko pale lilipoanguka. Kabla ya alasiri mtaa mzima umejua kwamba ninafuga misukule. Muuza samaki amepita upande wa pili wa barabara. Msikitini nimepewa nafasi kubwa ajabu; safu yangu nilikuwa peke yangu.

Nimerudi nimewatazama. Nao, sijui niseme wananitazama kwa kitu gani. Nikawafunika kwa kanga ya Mwahija. Kanga ikatikisika. Ulikuwa upepo. Nimejiambia mara tisa kwamba ulikuwa upepo.

Jumatatu, 15 Oktoba.

Meza imepangwa barazani bomani, mchanga, vilima, mto wa kitambaa cha buluu. Bwana Shauri akamwinua askari mmoja, akauliza macho yako wapi. Sipriani amesimama pale pale na birika la chai. Ulimi wangu ukajisemea wenyewe. Ukasema Mahiwa moshi ulikuwa mkali hata askari wote walipiga bunduki wamefumba macho. Bwana Shauri akaliandika hilo daftarini!

Meja akageuka polepole. Ana kovu shavuni. Akaniuliza, kwa Kiswahili safi, nilikuwa kompani gani.

Sikujua hata kama kompani huitwa kwa namba au kwa majina. Nikaona Kiranjeranje. Nikaona meno.

Ndipo Sipriani akaweka birika chini, akasema. Nilifumba macho ningoje kuzikwa. Akasema alikuwa nyuma yangu na sanduku lake la risasi. Akasema mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kurudi nyuma, na wenzangu wakaniita Chui wa Mahiwa. Mimi! Meja akanishika mkono. Akasema hilo la macho ni kweli tupu. Siku nne aliwapigia kelele askari wake wafumbue.

Nilimshuku Sipriani bure. Ni ndugu.

Jumanne, 16 Oktoba.

Bwana Shauri ameamua. Alisema mpaka jana asubuhi ilikuwa vigumu kuchagua, maana hakujua nani kati yetu ana moyo. Sasa anajua. Aliyekuwa wa mwisho kurudi nyuma Mahiwa hawezi kuogopa paka. Ninaondoka kesho. Sipriani atabaki kuwatunza wale sitini, na kuwatia macho.

Mwahija amesema njia ya mwongo ni fupi. Si fupi. Ni siku mbili, moja kwa lori na moja kwa miguu. Yeye haendi, anakwenda kwao.

Sipriani amenisikitikia sana. Ameahidi kunibebea sanduku mwenyewe mpaka kwenye lori, ili nisichelewe. Rafiki wa kweli hupatikana siku ya dhiki. Nimemwachia jogoo wangu.

Ijumaa, 19 Oktoba. Kiranjeranje.

Nimefika jana, sijalala. Barua ya Bwana Shauri ilinitangulia, Chui na mengine yote. Wanaume kumi na wawili wenye mikuki wamekaa uani wananingoja. Nyuma ya jiko kuna nyayo. Mbichi. Nimepima kwa sahani: sahani imeingia yote.

Jumbe Abdurahmani ni mtu mwema. Ameniita pembeni, akasema kwa upole kwamba vita ni vita na simba ni simba. Akasema kama sijawahi kuwinda simba, si aibu hata kidogo. Nibaki kwake na wazee, nile, niandike mihogo, naye mwenyewe atawaongoza vijana. Alitaka neno moja tu kwangu. Wale kumi na wawili walikuwa wakisikiliza.

Nimemwambia nimeua saba.

Tunatoka kesho alfajiri. Mimi ndiye wa mbele.