Chipu Iliyonisitiri

Jumapili, 3 Machi

Miaka thelathini na moja na miezi miwili tangu nifunge mlango wa chumba changu kule nyumbani nikisema narudi karibuni. Leo Dada, kwenye simu ya video kama kila Jumapili, kauliza tena. Unarudi lini, mdogo wangu? Safari hii ana sababu. Mjukuu wetu, muuguzi, kahamishiwa zahanati ya jirani na hana pa kulala. Kama narudi, chumba ni changu, na rafu yangu ya vitabu, na dirisha la uani. Kama sirudi, niseme, ampe binti huyo. Anataka jibu Jumapili ijayo.

Nikabonyeza F9.

Nikiri hapa, maana sina pengine. Kompyuta yangu ina chipu ya usalama. Hutunza funguo za siri, na hutoa namba zisizotabirika kila zinapoombwa na kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu inayoiamrisha mashine nzima. Programu iliyochomwa ndani ya chipu hiyo ni mbovu. Ukiiomba namba inazubaa, na mashine yote inasimama kuingoja. Fundi mwingine angelia. Mimi nimeifungia kitufe, hicho F9! Nikikibonyeza, chipu inaombwa namba mara arobaini mfululizo, na uso wangu unaganda mbele ya Dada, mdomo wazi, kama mtu aliyeonewa na mtandao. Mwaka wa pili huu. Hajashtuka.

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Sisi tunaokitunza kiini kwa kujitolea hujadiliana kwa barua pepe. Asubuhi hii Bwana Nukta, tunayemwita hivyo kwa kuwa hukosoa hata nukta za wenzake, kaleta kiraka, yaani rekebisho la programu, cha mistari kumi na miwili. Kinakiagiza kiini kisiiombe tena namba chipu ya aina hii. Ni kazi sahihi kabisa. Nikaipinga kwa kurasa tatu. Niliandika kwamba chipu inastahili kuvumiliwa. Akanijibu mbele ya kadamnasi: shikamoo mzee wangu, lakini hiyo ni chipu, si mkwe.

Nilicheka kabla sijakumbuka kukasirika.

Jumatano, 6 Machi

Nimekisoma tena kiraka chake. Chini kabisa, mahali pa kumtaja aliyeigundua kasoro, kaandika jina lake. Kasoro yangu! Mimi niliigundua, mimi niliifuga. Kweli, sikumwambia mtu. Hilo ni jambo jingine.

Jina likishaingia kwenye historia ya kiini halifutwi. Vitabu nilivyoviacha kwenye ile rafu, bila shaka, mchwa wameshavimaliza. Mstari wa kiini hauliwi na mchwa. Basi nitaandika kiraka changu, kizuri kuliko chake, na kitatangulia.

Na F9? Nimeshaipatia dawa. Kiraka changu kitayazima matoleo yote mabovu ya chipu, isipokuwa moja. Lililomo kwenye mashine yangu. Nani atahesabu?

Ijumaa, 8 Machi

Kahesabu. Msimamizi wa sehemu yetu, Mama Mkasi, ambaye hajawahi kupokea kazi bila kuipunguza, kaniandikia kwa adabu ya kutisha. Kazi ni safi, hongera mzee. Ila anaomba kuelimishwa. Matoleo kumi na tisa yamezimwa, la kumi na moja peke yake limeachwa, na kwa mujibu wa kumbukumbu za majaribio nilizoziambatisha mwenyewe, hilo ndilo linalozubaa kuliko yote. Tena kumbukumbu zinaonyesha maombi arobaini kila Jumapili, saa kumi na robo. Je, ni ibada?

Bwana Nukta akatuma barua yenye nukta moja tu.

Nilijibu kwamba vidole vya uzee viliteleza. Nikaufuta ule mwanya.

Jumamosi, 9 Machi

Kimekubaliwa! Jina langu limo. Nimekijenga kiini kipya na kukiweka kwenye mashine yangu, ili tu niusome mstari huo nyumbani kwake. Nimeusoma mara saba. Mashine inateleza kama sabuni. Kile kiini cha zamani nimekifuta kupata nafasi. Nikatembea chumbani nikijipongeza, hatua nne kwenda, nne kurudi. Kwenye zamu ya tatu nikakumbuka kesho ni siku gani.

Jumapili, 10 Machi

Picha safi mno. Nywele za Dada zimekuwa nyeupe zote. Miaka yote miwili nilidhani ni ukungu wa mtandao.

Akauliza. Nikabonyeza F9. Holaa, hakuna kilichoganda! Basi nikaganda mwenyewe. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Sekunde kumi. Ishirini. Pua ikaanza kuwasha. Dada akanitazama, akasema polepole: mdogo wangu, pazia lako linacheza. Sikutikisika. Akasema, na chai yako inafuka moshi. Mimi jiwe.

Akasema haya, basi amwambie huyo huyo aliyeganda. Muuguzi yumo chumbani tangu Alhamisi. Vitabu vyangu kavifuta vumbi, kavipanga upya, vizima vyote. Hakuhitaji ruhusa yangu. Alitaka nilitamke mwenyewe, kwa kuwa yeye alijua tangu mwaka wa tano wa kuondoka kwangu.

Chozi likanishuka hadi kidevuni. Picha iliyoganda haitoi chozi. Nadhani aliliona, maana aliinamisha kichwa, akasema mtandao wako ukitulia, utaniambia. Akakata.

Nimejitafakari kwa unyofu mchana wote, na nimefikia uamuzi. Pazia litoke. Chai ninywe mapema. Halafu nimegundua hitilafu ndogo kwenye programu inayoendesha kamera, ikichokozwa inaganda yenyewe. Sitamwambia mtu.

Hapa tu, ambapo hakuna anayeniuliza, naandika: sirudi.