Mwisho wa Misa ya Marehemu Rottensteiner

Jumatatu, 17 Novemba 1834
Nimemaliza. Misa aliyokuwa akiitunga Marehemu Rottensteiner, iliyokatika alipofariki miaka miwili iliyopita, pale pale kwenye "utujalie amani", sasa ina mwisho. Mwisho wangu. Matarumbeta manne, ngoma mbili. Itaimbwa Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, na jina la aliyeimaliza litachapwa chini ya lake. Miaka kumi na minne nimempigia fidla mtu yule. Sijapata kuona kichwa kama kile. Nastahili kukaa chini yake.

Jumanne, 18
Mwenye kuchagua mwisho utakaoimbwa ni mjane wake, Bi Walburga. Amesoma kurasa zangu huku anakunja nguo. Akauliza hiyo ni amani au jeshi la Wafaransa limeingia tena Vienna. Kisha akasema Kreszenz naye ameleta mwisho wake. Kreszenz! Binti wa mwoka mikate! Kazi yake ilikuwa kumnakilia Marehemu nota, basi. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Alhamisi, 20
Jana kutwa nimeunakili mwisho wangu kwa mwandiko wa Marehemu, mpaka madoa yake ya wino. Heri uimbwe bila jina langu kuliko uimbwe wa Kreszenz. Nikazipaka karatasi kahawa zionekane kuukuu. Leo nimekwenda kumjulia hali Bi Walburga. Alipogeuka kuchochea jiko, nikazitia mfukoni mwa koti la Marehemu lililotundikwa mlangoni. Nikalipapasa koti kwa huzuni, nikashtuka, nikazitoa. Nililia kidogo. Nililia vizuri.
Bi Walburga akazipeleka dirishani. Karatasi ya nota ukiiinua kwenye mwanga, ndani yake huonekana chapa ya kiwanda na mwaka. Ukaonekana: 1834. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba mumewe alikuwa na kipaji kweli, lakini si cha kununua karatasi akiwa kaburini. Akanimiminia kahawa. Hii unywe, Bwana Aloys, akasema, usipake.

Jumamosi, 22
Wameimba mwisho wa Kreszenz. Nilikwenda na nia ya kuudharau. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Sauti zinanyamaza moja moja, mpaka anabaki mwanamke mmoja akiomba amani peke yake, na anapoacha hujui kama amemaliza. Nilipaswa kuendelea kupiga; nikasahau, upinde wa fidla mapajani. Kumbe miaka yote ile ya kunakili, binti yule alikuwa anasikiliza, na mimi nahesabu mapigo. Marehemu mwenyewe asingempita.
Nikamwendea nikamwambia hivyo, macho yamenilowa. Akashukuru, akasema fidla yangu ilikosa kuingia mara sita.

Jumapili, 23
Nimeungama. Padri amenipa malipizi marefu. Nimeapa: sigusi tena kazi ya marehemu yeyote.
Mzee Hradetzky wa mtaa wa pili anakohoa vibaya. Anatunga opera, na sehemu ya tatu hajaianza. Huyu bado mzima, kwa hiyo kiapo hakimhusu. Nimempelekea supu ya kuku, nikamsihi apumzike, asijichoshe na kumaliza.