Viini Viwili vya Katibu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Siku njema, namshukuru Mungu, ingawa ilianza kwa fedheha. Chama chetu cha walimu wastaafu kilikutana katika ukumbi wa maktaba kupanga uchaguzi wa Jumamosi. Mkaguzi Mstaafu, ambaye alikagua madaftari yetu kwa miaka thelathini na hajazoea kuacha, aliingia na kipakatalishi kipya. Kina stika inayong'aa: PACHA DHAHABU, VIINI VIWILI. Akakiweka mezani, stika ikinielekea mimi.

Akasema kwa upole kwamba Katibu, yaani mimi, nimejitahidi kwa miaka kumi na mmoja. Ila kumbukumbu zangu za mikutano huwafikia wanachama baada ya wiki tatu, wakati wamekwishasahau walibishania nini. Yeye, kwa viini viwili, angezigawa kabla chai haijaisha.

Makofi. Nami nilipiga. Singeweza kukaa tu.

Bibi Mwenyekiti, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote na hadi leo hutuita watoto, akaamua: Jumamosi tuandike sote wawili. Atakayegawa kumbukumbu kabla ya chai kwisha ndiye Katibu.

Naomba radhi kuandika jambo zito mwanzoni mwa wiki. Tangu mama watoto alipotangulia, hakuna anayesubiri karatasi kutoka kwangu isipokuwa wanachama hawa ishirini na wawili. Ukatibu ukiondoka, sijui nitavaa tai kwenda wapi.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, aliniletea mboga. Nyumba yake imepakana na yangu, kwa hiyo huzuni yangu huisikia kupitia ukutani. Nilimweleza habari ya viini viwili. Akaniuliza: shemeji, unatafuta kompyuta au yai? Akasema kuku wake mwekundu hutaga ya viini viwili kila mwezi, wala hajajibandika stika.

Nilicheka kwa heshima. Mboga zilikuwa nzuri sana.

Jioni nilipima kipakatalishi changu. Tangu kubonyeza kitufe hadi kuweza kuandika neno: Baba Yetu mara tisa. Namwomba radhi Muumba kwa kumgeuza saa.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mvumilivu mno. Alinieleza kwamba kiini ni kama mpishi. Jiko lenye wapishi wawili, mmoja akikata vitunguu mwingine anakoroga. Changu kina mpishi mmoja, naye, samahani Mwalimu, kila akikata kitunguu anakaa kupumzika.

Nikauliza kama naweza kuongezewa wa pili. Akasema hilo ni sawa na kumwongezea mtu kichwa.

Nikauliza kuhusu Pacha Dhahabu. Akacheka. Kuna Pacha Fedha na kuna Pacha Dhahabu, ndani ni ndugu wa tumbo moja. Dhahabu humzidi mwenzake kidogo tu, endapo una kazi nyingi kwa mpigo. Mtu anayeandika barua hataona tofauti mpaka asome stika.

Hapo nikaelewa. Kumbe kasi iko kwenye stika.

Nilimwomba aniuzie moja. Akabandua stika kwenye kompyuta iliyokufa, akanipa bure. Mungu ambariki, na kazi yake, na watoto wake.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimeibandika. Imekaa upande kidogo. Nimepima tena: Baba Yetu mara nane na nusu. Huenda nilisali haraka, lakini sina ushahidi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Nane na nusu haitoshi. Nimekaa mezani asubuhi nzima nikimshukuru Mungu na kukata tamaa kwa zamu.

Kisha wazo! Kwa miaka kumi na mmoja nimeandika maneno ya watu hawa. Nayajua. Kwa nini nisubiri wayaseme? Nimeandika kumbukumbu za mkutano wa kesho leo hii. Sio uongo. Ni maandalizi.

Mtunza Hazina hukosa kila mkutano kwa sababu ya magoti: nimeandika kwamba ameomba radhi kwa kutofika. Mzee wa Hesabu hupinga tarehe ya mkutano uliopita: amepinga.

Nilipofika kwa Mkaguzi, kalamu ilisita. Yeye huongea sana bila kufika popote. Ningeweza kuyaandika maneno yake hivyo hivyo. Lakini naye hula peke yake siku hizi, nikaona vibaya. Nikampa hotuba nzuri. Katika hotuba hiyo anawashukuru walimu aliowakagua, anasema wengi walifanya kazi njema katika vyumba vilivyovuja, naye aliliona hilo, ila fomu haikuwa na nafasi ya kuliandika.

Mwisho nikaandika: Katibu alichaguliwa tena kwa kauli moja. Nikaona haya. Nikaongeza: baada ya mjadala mfupi.

Nakala ishirini na tatu zimechapwa. Printa imekohoa lakini imefika.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Naandika kabla sijavua tai.

Mkaguzi alifungua kipakatalishi chake. Kikamwambia kinajisasisha, asikizime. Asilimia tatu. Viini vyote viwili vilikuwa kazini, hakuna hata kimoja kilichokuwa na nafasi ya kumsikiliza. Mzee wa Hesabu akauliza kama hao pacha wananyonya, tuwapishe.

Sala ikaombwa, chai ikamiminwa. Nami, kwa furaha, nikagawa. Tulikuwa bado kwenye ajenda ya kwanza.

Bibi Mwenyekiti akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Mtunza Hazina ameomba radhi kwa kutofika. Watu wote wakageuka. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mkate mkononi, magoti yamepona. Akasema amejisamehe.

Mzee wa Hesabu amepinga tarehe. Mwenyewe akainuka: na kweli imekosewa, nilikuwa nangoja zamu yangu.

Ikaja hotuba ya Mkaguzi. Watu wakaweka vikombe chini. Kisha ukaja uchaguzi wangu, na hapo kicheko kikapasuka hadi mkutubi akachungulia.

Nilisimama. Nikamwomba radhi Mwenyekiti, wanachama na mkutubi. Nikachukua mkoba.

Mkaguzi akaniambia, Mwalimu, keti. Akasema katika miaka thelathini ya ukaguzi hajaona udanganyifu uliopangwa vizuri namna hii. Akatikisa karatasi. Maneno haya, akasema, sijayasema. Nilipaswa kuyasema zamani. Naomba nafasi.

Akaisoma hotuba yake mwenyewe, amesimama, akimgeukia kila aliyewahi kumkagua. Akafika kwangu. Mwaka wa mvua nyingi alinipa "wastani". Akasema darasa langu lilikuwa limejaa maji nami nilikuwa nafundisha nimesimama juu ya tofali. Nilikuwa nimesahau tofali lile. Yeye hakusahau.

Kisha akasema anajitoa. Katibu anayeweza kumfanya aonekane mwema kiasi hiki asiguswe.

Bibi Mwenyekiti akatukumbusha: watoto, imeandikwa mjadala mfupi. Tukajadili kwa ufupi. Kauli moja. Kosa la Mtunza Hazina tukalisahihisha kwa kalamu katika nakala zote, na chai ilikuwa bado ya moto.

Kipakatalishi cha Mkaguzi: asilimia arobaini na moja.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Sijui nimshukuru nani kwanza. Nimemwandikia fundi barua, na Mwenyekiti, na Mkaguzi barua mbili.

Shemeji amesema niache kujidanganya: watu wamenirudisha kwa sababu ya moyo wangu, sio stika. Nimemshukuru sana. Lakini ushahidi uko wazi. Kabla ya stika, wiki tatu. Baada ya stika, kabla ya chai.

Mchana nimeandika kumbukumbu za mkutano wa Juni. Mtunza Hazina amehudhuria. Mkaguzi amekisifu kipakatalishi changu. Shemeji, aliyealikwa kama mgeni, amekiri kwamba kuku si hoja. Kumbukumbu zimethibitishwa bila marekebisho.