Mgao wa Picha ya Bwana Kapteni

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Nimeomoka, umaskini kwaheri! Abdimalik wa Nanyuki, yule hununua vitu vya wazungu, ameiona picha ya Bwana Kapteni hapa jikoni kwetu Chaka. Marehemu baba alikuwa mpishi wake, akaachiwa picha mzungu aliporudi kwao. Kapteni mzima kwa rangi ya mafuta kwenye turubai, kichwa mpaka buti. Abdimalik anaitaka, ila kwanza atatazama hali yake, na imepitia mikononi mwa nani. Atarudi Ijumaa. Mke wangu Wachuka anasema hiyo ni pesa ya mabati, mvua inatunyeshea kitandani.

Jumanne, 9 Agosti
Hali kwanza. Moshi wa miaka thelathini! Nimemsugua Kapteni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ameng'aa, lakini sharubu ya kushoto imetoka na kitambaa. Nimemchorea nyingine kwa rangi ya viatu. Inashinda ile ya kwanza. Wachuka kauliza ni nani alinituma.

Jumatano, 10 Agosti
Umiliki sasa. Nyuma ya picha kulikuwa na karatasi ya Kapteni, ati anampa baba. Chakavu, haina hata muhuri. Nimewashia moto. Naibu wa chifu ataniandikia barua safi, mradi wazee wakae kikao kwanza, waseme picha ni ya nani.

Alhamisi, 11 Agosti
Wazee wamekula mbuzi wangu, wakaamua mali ya baba ni ya nyumba zote mbili, ya mama na ya mama mdogo, mke wa pili wa baba. Gicheru wa mama mdogo amekataa kungoja pesa. Anataka nusu yake aione kwa macho. Tumekata kwa mkasi wa kondoo. Mimi mkubwa nimepewa kichwa. Gicheru kaenda na buti, amenuna. Nimecheka njia nzima. Muhuri umepigwa.

Ijumaa, 12 Agosti
Abdimalik kaangalia kichwa, kaangalia barua. Kauliza jina la mchoraji. Liko karibu na buti, kwa Gicheru. Kauliza ile karatasi ya Kapteni. Nikamwonyesha jivu. Akaketi mezani, akaomba maji.
Wachuka amefunga nguo zake, kaenda kwa mama yake Karatina mpaka nyumba iezekwe. Imeniuma sana. Nimelala upande usiovuja, peke yangu.

Jumamosi, 13 Agosti
Wachuka atarudi! Abdimalik ametuma ujumbe. Anataka ile meza aliyonywea maji. Nayo ilikuwa ya Kapteni, mvule mtupu, haina mkwaruzo. Safari hii umiliki utakuwa wazi tangu mwanzo. Wazee wanakuja Jumanne, na Gicheru amekubali kuleta msumeno.