Mguu wa Kushoto wa Mkwe Wangu

Jumatatu, 14 Aprili

Laetitia, binti yangu, amekuja analia. Mume wake Bokungu, mwanajeshi wa kule Base, kambi ya jeshi, iko na doa chini ya mguu wa kushoto. Lilikuwa kama punje ya haragwe, sasa linapanuka. Huku jeusi, huku kahawia, kingo kama karatasi iliyoliwa na panya. Nikakimbia kwa Masœur Émerence, mtawa muuguzi wa dispansari. Akaniambia wazi: kansa ya ngozi kwetu bantu weusi inapenda kujificha pale pale, chini ya nyayo, kwenye kiganja, ndani ya ukucha. Ikishikwa mapema inakatwa, muntu anapona. Ikichelewa, jeneza. Bokungu alete mguu, yeye Masœur auone.

Bokungu anasema ni sirage ya buti, ile rangi ya kung'arishia. Sirage! Anaogopa kisu, njo ukweli.

Mimi kumwuliza siwezi. Kwetu mama mkwe haoni miguu mitupu ya mkwe wake, hata kumtazama usoni ni haya. Lakini wajukuu wangu hawatakuwa yatima kwa sababu ya buti. Nitatumia akili.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwaga maji mlangoni mpaka likawa ziwa la tope. Nikamwita mkwe aje kula bukari, ugali wetu, na samaki. Atavua buti, Masœur amejificha jikoni, ataona. Bokungu akaruka tope kama mbuzi! Akala na buti zake, juu ya mkeka wangu mpya! Masœur naye akala samaki wawili, akaenda zake.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepata! Kesho ni Alhamisi Kuu, Padri Chrispin ataosha miguu ya wanaume kumi na wawili. Masœur njo anashika beseni. Shida moja: Mama Tshiela, mkubwa wa akina mama wa parokia, alishampanga mume wake Nyembo. Anajivuna tangu Kwaresima. Nikaenda kwa Nyembo. Nikamwambia kwa upendo: baba, visigino vyako vimepasuka kama barabara ya Kaniama, kanisa zima litaona. Jioni Nyembo akashikwa na homa. Nikapeleka jina la Bokungu kwa Padri, nafasi ikawa yake. Mwanajeshi atamkatalia nani padri?

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeketi mbele, kitambaa usoni, nachungulia kwa jicho moja. Bokungu akavua buti ya kulia. Mguu safi kama sahani! Padri akaosha, akapangusa, akaanza kusogea kwa mwingine. Maskini mimi! Padri anaosha mguu mmoja tu! Miaka yote hii nasali hapa, na sikuona.

Nikasimama. Nikapiga kelele: "Na wa kushoto, Padri! Yesu hakuacha mmoja!" Kwaya ikakata wimbo katikati. Mama Tshiela akaniita mwenda wazimu. Bokungu akaficha mguu chini ya kiti. Basi nikaenda mwenyewe, nikapiga magoti, nikaivuta ile buti kwa mikono miwili. Ikatoka, na haya yangu ikatoka nayo. Masœur akawasha taa ya simu, akainama, akatazama. Hakucheka. Akamwambia Bokungu: weye, hata kesho ni mbali. Tunaondoka wote.

Alhamisi, 15 Mei

Ushindi! Wamekata kule Lubumbashi. Ilikuwa kansa yenyewe, ila changa, na imetoka yote. Bokungu anatembea na fimbo kama chifu. Nimempelekea kuku mweupe, maana mama mkwe aliyeshika mguu wa mkwe lazima aondoe haya. Akampokea huku analia. Akasema: mama, ungenitumia neno tu kwamba unaogopa, ningevua siku ile ile. Laetitia akasema: umesikia, mama? Ujifunze kuuliza bantu.

Nimesikia. Kweli kabisa.

Sasa Ferdinand, mpiga ngoma wa kwaya, iko na mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba, na siku ya Pasaka mstari huo ulikuwa mwembamba, sasa umepanuka. Laetitia anasema: muulize, huyu si mkwe wako! Nimuulize? Akikimbia je? Hapana. Jumapili natangaza mashindano ya mikono mizuri ya wanaume. Jaji, Masœur. Zawadi, jogoo.

Jogoo ni wa Mama Tshiela. Bado sijamwambia.